Mdogo wangu asema viazi vya Baba vililaaniwa kwa sababu ya Israeli

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Uyole na nauza nafaka. Kwetu ni Isongole, Rungwe, na tumelelewa katika Kanisa la Moravian. Baba yetu ana miaka 74. Alikuwa mzee wa kanisa kwa muda mrefu, na mpaka leo akisimama kusoma neno watu wanatulia. Mama alishatutangulia. Tuliobaki karibu na Baba ni wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume mwenye duka la mitumba Mwanjelwa.

Mdogo wangu aliokoka akahamia kwenye huduma moja hapa mjini. Kwa kweli ametulia, pombe kaacha, na wifi yangu ana amani. Hilo siwezi kulificha. Ila tangu aanze kuhudhuria semina za siku za mwisho, hana habari nyingine isipokuwa Israeli. Anasema Mungu ana mipango miwili: Kanisa litanyakuliwa, kisha zamu itarudi kwa Wayahudi, hekalu litajengwa tena, na mtu yeyote asiyeibariki Israeli amelaaniwa kwa Mwanzo 12:3. Baba anamjibu kwa mkato: "Israeli ya leo ni Kanisa. Wayahudi walimkataa Bwana, Bwana akawaacha, yameisha." Wakikutana hapo hata chai hainyweki.

Mambo yaliharibika Pasaka. Mdogo wangu alileta bendera ya Israeli akaitundika sebuleni kwa Baba, juu ya picha ya marehemu Mama. Baba akaishusha, akaikunja, akamrudishia. Baada ya muda shamba la viazi la Baba likaingiwa na ukungu, karibu lote likaungua. Mdogo wangu akatamka mbele ya majirani kwamba hiyo ni laana, Baba ameidharau Israeli. Baba alinyamaza. Kesho yake akanipigia simu, akasema mtoto anayemwita baba yake mlaaniwa asikanyage tena Isongole. Akaongeza maneno juu ya Wayahudi ambayo sijawahi kuyasikia kinywani mwake, na sitayaandika hapa.

Sasa mdogo wangu anataka kwenye fedha za parachichi (miti ile ya Hass ni ya familia) itolewe laki tano iwe sadaka ya kuibariki Israeli, ili laana ivunjike. Anasema nikikataa nimejiingiza kwenye laana mimi na wanangu. Mwalimu, nina mtoto mwenye pumu. Usiku namsikiliza anavyohema, na yale maneno yananirudia.

Mwezi ujao mwanangu wa kwanza anapata kipaimara. Baba anasema mdogo wangu akija, yeye haji. Mdogo wangu anasema lazima aje, na atapiga shofa, ile baragumu ya pembe ya Wayahudi, mtoto akitoka kanisani. Kwa Biblia, nani yuko sahihi? Laana ipo? Fedha zitolewe? Na siku yenyewe nifanyeje?

Dada Mtu, Uyole

*

Marahaba, mwanangu.

Naanza na pumu, kwa sababu ndiyo inayokunyima usingizi. Mtoto aendelee na kliniki na dawa zake, na wewe ufungue Yohana 9. Wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakauliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu akajibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Mtu anayekuambia mapafu ya mtoto yanalipia bendera iliyoshushwa na babu yake amelirudia swali lile ambalo Bwana mwenyewe alilikataa, tena amelijibu vibaya. Na viazi? Ukungu unapenda baridi na unyevunyevu, na Isongole ina vyote viwili bila kuomba. Pita kwa majirani waliopanda msimu uleule ukaone mashamba yao. Sidhani kama ukungu ulikuwa unachungulia sebuleni kujua nani katundika nini.

Sasa Biblia. Mdogo wako anasema mipango miwili, Baba anasema mmoja uliofungwa ukahamishiwa kwetu. Wote wawili wameshika kitu cha kweli, na wote wawili wamekishika kwa namna ya kumpigia mwenzake.

Mafundisho anayoyaleta mdogo wako, kwamba Israeli na Kanisa ni makundi mawili yenye njia mbili, na kwamba Kanisa litanyakuliwa ili zamu irudi kwa Wayahudi, yalipangiliwa na John Nelson Darby kuanzia miaka ya 1830. Darby alikuwa kasisi wa Kianglikana huko Ireland kabla ya kujiunga na kundi la Kikristo liitwalo Ndugu wa Plymouth. Mwaka 1909 Mmarekani Cyrus Scofield akatoa Biblia yenye maelezo yake mwenyewe pembeni na chini ya kurasa, ikauzwa sana, na kwa wasomaji wengi sauti ya Scofield ikachanganyika na ya Isaya. Kutoka huko yakaenda kwenye vyuo vya Biblia, redio, televisheni, mpaka semina ya Mwanjelwa. Upya wa fundisho peke yake si kosa, maana hata Luther aliambiwa analeta mapya. Nakueleza umri wake ili ujue kwamba mtu anaweza kuwa Mkristo kamili bila kulikubali, kama walivyokuwa Wakristo wote kwa karne kumi na nane. Na hata ndani ya kambi hiyohiyo, tangu miaka ya 1980 wapo walimu waliopunguza ukuta kati ya makundi hayo mawili.

Lakini uzito wote wa mdogo wako ameuweka kwenye Mwanzo 12:3, basi tukae hapo.

Maneno yale yaliambiwa mtu mmoja, Abramu, kabla Isaka hajazaliwa, achilia mbali Yakobo aliyekuja kuitwa Israeli. Na mstari hauishii kwenye laana. Unaishia hivi: "na katika wewe jamaa zote za dunia watabarikiwa." Paulo, ambaye alikuwa Mwisraeli, wa kabila la Benyamini, anaufafanua kwenye Wagalatia 3. Anasema Maandiko yalimhubiri Ibrahimu Habari Njema tangu zamani kwa maneno hayo (3:8), kwamba mzao aliyeahidiwa ni Kristo (3:16), na kwamba walio wa Kristo ni uzao wa Ibrahimu na warithi sawasawa na ahadi (3:29). Kwa hiyo familia ya Isongole inayomwamini Kristo iko ndani ya baraka ile tayari. Haiko nje ya mlango ikichangishwa kiingilio.

Kisha muulize mdogo wako kuhusu Yeremia. Aliwaambia wafalme na wakuu wa Yerusalemu mambo makali mpaka wakamtumbukiza shimoni, akazama topeni (Yeremia 38). Amosi naye alikwenda Betheli akatangaza kwamba Israeli watachukuliwa utumwani. Ikiwa kuikosoa Israeli ni kujiletea laana, manabii ndio wangekuwa wa kwanza kulaaniwa. Walioambiwa ukweli ndio waliokuwa wakisema kwamba nabii ni msaliti.

Nimemkaba mdogo wako. Sasa zamu ya Baba, na nitasema kwa heshima, ingawa sitazunguka.

Msimamo wake ni wa zamani kweli, na una mistari. 1 Petro 2:9 inachukua majina ya Israeli, "mzao mteule, ukuhani wa kifalme, taifa takatifu", na kuwavika waumini. Justin Martyr katika karne ya 2 alishaandika kwamba Wakristo ndio Israeli ya kweli ya kiroho. Katika makanisa yetu ya nyanda za juu, wengi wetu tulisikia hivyo tangu Shule ya Jumapili, na hakuna aliyeshtuka. Tatizo ni lile neno la pili la Baba, "Bwana akawaacha". Paulo aliliuliza swali hilohilo kwa herufi zake: je, Mungu aliwasukumia mbali watu wake? Akajibu, "Hasha!" (Warumi 11:1). Na Mathayo 21:43, ambayo nakisia Baba anaitumia, ile ya ufalme kuondolewa na kupewa taifa lingine, mstari wa 45 unasema wakuu wa makuhani na Mafarisayo walitambua kwamba anawanenea wao. Ni viongozi walioambiwa. Mariamu, Petro na Yohana walikuwa Wayahudi pia, na hawakunyang'anywa kitu.

Fundisho la "wameachwa" lilizaa matunda machungu, na Baba anapaswa kujua. Mwaka 1543 Martin Luther, mzee na mgonjwa, aliandika kitabu akishauri masinagogi ya Wayahudi yachomwe na nyumba zao zibomolewe. Karne nne baadaye Manazi waliyatumia maandishi hayo kwa furaha. Shirikisho la Kilutheri Duniani, lilipokutana Budapest mwaka 1984, lilijitenga wazi na maneno hayo ya Luther. Wakatoliki walishatangaza kwenye Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, kwamba Wayahudi wasihesabiwe kuwa wamekataliwa au kulaaniwa na Mungu. Sisemi Baba ni mtu wa kuchoma nyumba za watu. Nasema yale maneno uliyokataa kuyaandika yana ukoo, na ukoo wenyewe ni huo.

Pengine pia kuna siasa ndani yake. Kizazi cha Baba kiliona Tanzania ikivunja uhusiano na Israeli mwaka 1973, na haukurudishwa mpaka 1995. Kijana wake amekulia wakati Wachungaji wanapanga safari za Nchi Takatifu na kurudi na maji ya Yordani kwenye chupa. Wanapogombana juu ya Warumi, sehemu ya ugomvi ni ya redio walizosikiliza.

Na huo waraka wa Warumi uliandikwa kwa ajili ya watu wa namna yao hasa. Kwenye Matendo 18:2 tunasoma kwamba Klaudio, Kaisari wa Rumi, aliamuru Wayahudi wote watoke Rumi. Wanahistoria wengi wanaweka tukio hilo mwaka 49 hivi. Ndiyo sababu Akila, Myahudi, na mkewe Prisila walikuwa Korintho. Klaudio akafa mwaka 54, na Paulo alipoandika, yapata mwaka 57, Prisila na Akila walikuwa wamesharudi Rumi na kanisa linakutana nyumbani kwao (Warumi 16). Fikiria hali ilivyokuwa. Waumini wasio Wayahudi wamelishika kanisa kwa miaka kadhaa, wamezoea viti vya mbele, halafu wenye nyumba wanarudi. Wengine bila shaka walisema: hawa Mungu alishawafukuza, hata Kaisari aliwafukuza. Paulo anawaandikia sura ya 9 mpaka ya 11 ili wafunge midomo yao. Watu wanaitafuta ratiba ya siku za mwisho kwenye sura zile. Kilichomo kwanza ni onyo kwa watu wenye majivuno: "Usijivune, bali uogope" (11:20).

Hapo ndipo anapoleta mzeituni. Baba ana miti ya Hass, kwa hiyo kubebesha anakujua kuliko mimi. Tunaotesha kokwa ya parachichi la kienyeji kwa sababu mizizi yake ni migumu. Mche ukifika unene wa penseli tunachukua kikonyo cha Hass, tunakichongea, tunakifunga kwa nailoni, na baada ya miaka mti unatoa Hass. Kile kizuri kinabebeshwa juu ya kile cha kienyeji. Paulo anasema Mungu alifanya kinyume chake: alichukua tawi la mzeituni mwitu, lisilo na faida, akalibebesha kwenye mzeituni mwema. Hakuna mkulima wa Rungwe wala wa Njombe angefanya hivyo. Bwana shamba angemcheka. Paulo analijua hilo, ndiyo maana anasema mwenyewe kwamba ni "kinyume cha asili" (11:24). Mti mwema haukuhitaji tawi letu. Tulihurumiwa.

Ukilishika hilo, mengi yanajipanga. Mti ni mmoja, kwa hiyo ile mipango miwili ya mdogo wako inapata shida: Paulo haoni bustani mbili. Lakini mti haukung'olewa ukapandwa mwingine, kwa hiyo na Baba anapata shida: shina ni lilelile la Ibrahimu, Isaka na Yakobo, na matawi yaliyokatwa Mungu aweza kuyapandikiza tena (11:23). "Si wewe ulichukuaye shina, bali ni shina likuchukualo wewe." Wamoravian wa kwanza walifika Rungwe mwaka 1891. Tawi letu limebebeshwa juzi. Kwa kipimo cha mti wenyewe, nailoni bado haijafunguliwa.

Kuhusu 11:26, "Israeli wote wataokoka", walimu hawajakubaliana. Calvin, mwanamageuzi wa karne ya 16, alielewa ni wateule wote, Wayahudi na mataifa pamoja. Wengine wanasema ni Wayahudi wanaoamini katika kila kizazi. Wengine, nami ni mmoja wao, wanaona Paulo anatazamia siku Wayahudi kwa wingi watakapomgeukia Masihi, kwa sababu mistari mitatu mbele anasema karama za Mungu hazina majuto, wala mwito wake. Ni lini na kwa njia gani? Mitume waliuliza kama ufalme utarudishiwa Israeli wakati huo, wakaambiwa si kazi yao kujua nyakati wala majira (Matendo 1:7). Sioni kwa nini semina ya Mwanjelwa ipewe jibu walilonyimwa mitume.

Na taifa lililotangazwa Mei 1948? Kuna Wakristo wanaoona mkono wa Mungu katika kuwakusanya tena watu waliotoka kuchinjwa Ulaya, na sitawacheka. Lakini serikali ni serikali, hupimwa kwa haki kama serikali zote, tena kwa kipimo cha manabii wake yenyewe. Mdogo wako akikuambia upande wa pili ni maadui wa Mungu, mkumbushe kwamba siku ya Pentekoste Waarabu walikuwepo (Matendo 2:11), na kwamba Bethlehemu leo kuna Walutheri wa Kipalestina, ambao kanisa lao limo katika Shirikisho lilelile la Kilutheri lenye KKKT yetu (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania). Tarehe 7 Oktoba 2023 waliuawa Waisraeli wengi, na pamoja nao vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo. Siku kumi na mbili baadaye bomu likaangukia uwanja wa kanisa la Kiorthodoksi la Mtakatifu Porphyrius, Gaza, likaua Wakristo waliokuwa wamejificha pale. Mtu anayeweza kulia upande mmoja tu, sina hakika ni Zaburi gani anasoma.

Haya, fedha. Usitoe. Miti ni ya familia na Baba yuko hai. Bila ridhaa yake hiyo ni kuchukua, si kutoa. Na sadaka inayoombwa kwa kutishia watoto imeshavunja 2 Wakorintho 9:7, "si kwa huzuni, wala si kwa lazima". Kutoa kwa ajili ya Yerusalemu si kubaya. Paulo mwenyewe alichangisha Makedonia na Akaya kwa ajili ya maskini wa watakatifu walioko huko. Ila alisafiri na watu waliochaguliwa na makanisa ili asiwepo wa kumlaumu juu ya fedha zile (2 Wakorintho 8:19-21). Basi mdogo wako akitaka kutoa za mitumba yake, ni haki yake. Amuulize tu kiongozi wake maswali ya Paulo: nani anazibeba, zinamfikia nani, na karatasi iko wapi.

Kabla ya kipaimara, usiende Isongole peke yako. Mchukue mjomba wenu, au mzee mwingine ambaye Baba hawezi kumpandishia sauti. Mdogo wako atangulie kuomba radhi kwa kumwita baba yake mlaaniwa, na aombe mbele ya majirani walewale waliosikia. Hapa sina mjadala naye; fundisho lake abaki nalo kama anataka, lakini lile neno alirudishe. Baba naye aondoe marufuku ya nyumba. Juu ya Wayahudi usibishane naye. Mwombe tu, kwa kuwa ndiye msomaji, awasomee kwa sauti Warumi 9:1-5 baada ya chakula, pale Paulo anaposema angekubali yeye mwenyewe atengwe na Kristo kwa ajili ya ndugu zake. Asome, mnyamaze, mlale.

Shofa ibaki Mwanjelwa. Siku ile ni ya mtoto, na atakayepiga baragumu mlangoni mwa kanisa ataondoka na siku yake. Lakini usimwache mdogo wako, mjomba wa mtoto, akae kama mgeni aliyezuiwa. Mpe kazi: nyumbani, kabla ya pilau, asome Zaburi 122, "Utakieni Yerusalemu amani". Kisha babu amwombee mjukuu. Mmoja akigoma kabisa, ibada iendelee bila yeye na jioni umpelekee chakula chake. Na Baba akiuliza kwa nini imechaguliwa zaburi hiyo kati ya zote 150, mwambie nimeichagua mimi, anipigie simu tugombane sisi wazee.